Mario wa Kwanza au wa Tatu? Tusiyazime Mabishano ya Sebuleni



Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa wengi wetu linaonekana la kitoto, nalo ni mabishano ya gemu za zamani za televisheni. Tunasema zile za kaseti, zenye pedi za waya, ambazo baadhi ya akina baba wa leo walizicheza walipokuwa watoto katika miaka ya tisini. Ikumbukwe kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwaka 1973. Nyumba yenye televisheni wakati ule ilikuwa nyumba ya mtaa mzima. Viatu vilijaa mlangoni, na pedi mbili ziligombewa na watoto kumi.

Watoto wale sasa ni baba wa familia. Mashine za namna ile bado zinauzwa kwa bei nafuu, na tangu Songea ilipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme kutoka Makambako, hali si kama enzi za majenereta. Basi baba anarudi nyumbani Jumamosi na mfuko, na ndani ya mfuko mna Mario. Tuseme kweli, baba anayekaa sebuleni na watoto wake jioni ya Jumamosi ni baraka, hata kama amekaa chini kwenye mkeka na kupiga kelele kuliko wao.

Lakini baraka hiyo inaweza kugeuka. Mama mmoja alituletea shauri lake baada ya ibada. Mume wake na mtoto wao wa kiume wa miaka 13 walikuwa wakicheza. Baba akasema Mario wa kwanza ndiye bora na muziki wake haujapata kushindwa. Mtoto akasema hapana, wa tatu ni bora kwa kila kitu, muziki pia. Wakabishana hadi mtoto akapaza sauti na kusema, "Baba, wewe unapenda cha zamani kwa sababu ni cha zamani tu." Baba akazima mashine, akaifungia kabatini. Tangu siku ile, yapata siku kumi, mtoto alikuwa akitoa shikamoo asubuhi na kunyamaza hadi usiku. Wapo waliomshauri yule mama aichome mashine kwa kuwa ni kazi ya shetani. Wapo waliosema mtoto achapwe. Naye alituuliza, "Mimi nifanye nini kati ya hawa wawili?"

Tulimwuliza kwanza swali moja: je, unajua walikuwa wanabishania nini? Akasema hajui, alikuwa akikaanga samaki. Hapo ndipo penye shida yetu, akina mama. Hatuwezi kupatanisha watu katika jambo tusilolijua. Basi hebu tulitazame kidogo.

Mashine hizi nyingi ni za kuiga mashine ya kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1983. Mchezo wa Super Mario Bros. ulitoka mwaka 1985. Aliyeubuni anaitwa Shigeru Miyamoto, na muziki wake ulitungwa na Koji Kondo. Mchezo wote, pamoja na picha na nyimbo zake, ulienea katika kilobaiti 40, yaani chini ya picha moja ya kawaida ya simu ya leo. Mario huenda mbele tu, hawezi kurudi alikotoka. Muda ukikaribia kwisha, wimbo uleule huanza kwenda mbio, na mchezaji naye moyo humwenda mbio. Muziki huo unafanya kazi. Unamwonya mchezaji bila kusema neno. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliuingiza wimbo huo katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa, na ulikuwa wimbo wa kwanza wa gemu kupata heshima hiyo. Kwa hiyo baba hakuwa anasema upuuzi.

Wa tatu ulitoka Japani mwaka 1988 na Marekani mwaka 1990. Humo mna ramani ya kuchagua njia, na Mario akipata jani huota mkia na kuruka angani. Muziki wake nao umebadilika. Mashine ile ina sauti tano tu. Tuzifananishe na kwaya. Sauti mbili hubeba wimbo, kama soprano na alto. Ya tatu ni besi. Ya nne ni sauti ya mchakacho, ambayo huchukua nafasi ya kayamba. Ya tano inaweza kupiga vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Katika Mario wa kwanza sauti hii ya tano haikutumika. Katika wa tatu ilitumika kupiga ngoma. Ndiyo maana mtoto anapousikia anataka kusimama na kucheza, kama mtu aliyesikia lizombe kwa mbali. Kwa hiyo mtoto naye hakuwa anasema upuuzi.

Mama msomaji, hebu jiulize kama hatujawahi kubishana hivyohivyo sisi wenyewe. Kwaya ikitoa volumu ya kwanza na baadaye ya pili, tunakaa kwenye mikeka na kuanza. Mmoja atasema ya kwanza ndiyo iliyokuwa na upako, waliimba kwa ngoma na makofi tu. Mwingine atasema ya pili ina kinanda na gitaa, na sauti zimepangwa vizuri zaidi. Hatuitani wakorofi kwa hilo. Mabishano ya Mario ni hayohayo. Ni swali la mwendelezo: je, cha pili kinamtii wa kwanza, au kinakwenda njia yake? Na hilo, tukitazama vizuri, ndilo swali la baba na mwana wa miaka 13 katika nyumba yoyote ile, hata isiyo na televisheni.

Tukiwasikiliza kwa makini, tutaona kwamba wawili wale walikuwa wanazungumza mambo mawili. Baba alikuwa anausifu wimbo wenyewe. Mtoto alikuwa anausifu upigaji wake. Wimbo mzuri unaweza kupigwa kwa vyombo vichache, na vyombo vingi haviokoi wimbo mbaya. Lakini nani aliwaambia wachague kimoja?

Tena kuna jambo lingine la kuchekesha. Ukimtaja Mario wa pili, ugomvi unaweza kuanza upya, kwa sababu wako wawili. Ule wa Japani ulitoka mwaka 1986. Unafanana sana na wa kwanza, lakini ni mgumu mno. Kampuni iliona utawashinda Wamarekani, ikachukua mchezo mwingine kabisa wa mwaka 1987, ikaubadilisha, ikauuza kule mwaka 1988 kwa jina la Mario wa pili. Na kaseti za mitaani zimezidisha mkanganyo, maana nyingine zimeandikwa namba za Mario ambazo kampuni yenyewe haikuwahi kuzitoa, na nyingine zinadai zina maelfu ya michezo, kumbe ni michezo michache inayojirudia. Basi watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya Mario wa pili, na kila mmoja akawa na wake kichwani. Tunaomba mlikumbuke hilo hata katika mambo makubwa ya ndoa. Kabla ya kujibu, uliza kwanza: "Unasema yupi?"

Sasa turudi kwa shauri la yule mama. Tulimshauri hivi.

Kwanza, mtoto aombe radhi kwa kupaza sauti na kwa maneno ya dharau, lakini asilazimishwe kuomba radhi kwa maoni yake. Hayo ni mambo mawili. Mtoto akifundishwa kwamba kumpinga mkubwa kwa sababu nzuri ni dhambi, siku atakapoitwa pabaya na mkubwa mwingine atatoa wapi neno la kukataa? Sisi wauguzi tunakutana na watoto wengi walioumizwa na watu wazima, wakanyamaza kwa kuwa walizoea kunyamaza. Mtoto mwenye kusema, "Samahani baba, mimi naona tofauti, na sababu yangu ni hii," amejifunza adabu na ujasiri kwa pamoja. Ni heri ajifunzie hayo kwa Mario kuliko kwa jambo la kumpotezea maisha.

Pili, baba naye asisahauliwe. Mtume Paulo alipowaandikia Wakolosai hakuishia kuwaagiza watoto. Aliwageukia na akina baba, akihofia watoto wasije wakavunjika moyo. Lakini neno hilo mama asimwambie mumewe mbele ya mtoto. Amwambie faraghani, kwa upole, akianza na shukrani kwamba baba alikuwepo.

Tatu, mashine itoke kabatini, na mabishano yafanywe kwa utaratibu. Tulimwambia achukue khanga, aitundike mbele ya kioo cha televisheni tu, asifunike matundu ya nyuma maana hupata joto. Kisha zipigwe nyimbo zote mbili bila picha, na kila mtu wa nyumbani aseme alichosikia kabla ya kusema kipi bora.

Mama yule alifanya hivyo. Baba hakubadilisha msimamo wake, na mtoto hakubadilisha wake. Ila jambo moja lilitokea ambalo hakuna aliyelitarajia. Binti yao wa miaka 10, ambaye siku zote za mchezo huwa anaosha vyombo, alisema, "Ule wa pili kuusikia una ngoma, huu wa kwanza hauna." Alikuwa amesikiliza kutoka jikoni muda wote huo. Baba akamwuliza, "Ngoma iko wapi?" Wakarudia wimbo mara tatu, kaka mtu akimwonyesha baba kwa kugonga meza. Mama anasema chakula kilipoa siku hiyo, wala hakuna aliyelalamika.

Basi tunauliza, akina mama: kwa nini binti awe jikoni kila Jumamosi, na pedi ziwe za wanaume? Vyombo vina zamu. Kama kaka ana haki ya kucheza, na ya kubisha, na dada anayo.

Kabla hatujaagana, yako machache ya afya. Picha zinazomweka kwa kasi zinaweza kuamsha degedege kwa watu wachache wenye aina fulani ya kifafa. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni moja ya televisheni iliyokuwa na mwanga wa kumeka iliwapeleka hospitali watoto zaidi ya 600 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo watoto wasicheze gizani, wakae mbali na kioo, na wapumzike mara kwa mara. Mtoto akianguka kwa degedege, ondoa vitu vya kumdhuru, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, usimkandamize, kisha mpeleke kituo cha afya. Degedege likizidi dakika tano, mkimbize hospitali mara moja. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na kina dawa. Si pepo la gemu wala si uchawi wa jirani.

Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 wasikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na wenye chini ya miaka miwili wasikae kabisa. Kwa wakubwa, angalieni usingizi, masomo, na kama bado anacheza na wenzake nje. Anayeacha yote hayo kwa ajili ya gemu, na hawezi kujizuia hata anapoona madhara, anahitaji msaada wa mtaalamu. Anayebisha kwa nguvu kuhusu muziki wa Mario, kisha akala ugali wake na kulala, hana ugonjwa wowote.

Na mfuko wa nyumba usisahauliwe. Kila mwendelezo una namba mpya, na kila namba mpya ina bei. Mtoto akitaka kaseti nyingine, mwulizeni mpya ina nini ambacho ya zamani haina. Akiweza kueleza vizuri, mmepata mtoto anayefikiri, hata kama jibu lenu litabaki kuwa hapana.

Jumamosi ijayo, wanapoanza kubishana, punguza moto wa jiko, keti nao, na uulize ni Mario yupi wanayemsema. Bwana azilinde nyumba zenu.