TAHARIRI: SURA YA MTU SI PAMBA YA KUCHUMA



Mabasi ya Musoma kwenda Arusha hukatiza Serengeti na Ngorongoro, na vijana wetu wanasafiri humo. Wakirudi wanatuonyesha simu: picha za Wamasai, akina mama na watoto, zilizopigwa dirishani bila hata salamu. Watu wanacheka. Sisi tunasema hiyo siyo heshima.

Tujiulize. Mgeni akisimamisha gari mwaloni, akawapiga picha mama zetu wakianika dagaa, halafu akaenda zake, tunakasirika au hatukasiriki? Tunakasirika! Basi kinachotuuma sisi kinamuuma na Mmasai. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Yule mtu wa lubega siyo pambo la njiani. Mwaka 1959 wakoloni waliwahamisha Wamasai kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro, Serengeti ibaki ya wanyama. Mwaka 1967 na 1968, tukiwa tumeshajitawala, ikaja kampeni ya kuwavalisha suruali, eti lubega ni aibu kwa Taifa. Leo lubega ile ile watalii wanalipa kuiona! Na kwa Wamasai hao hao wa Monduli alitoka Ndugu Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu mpaka alipofariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984. Nani alimcheka?

Hatusemi picha ni haramu. Ngorongoro ziko boma ambazo wenyeji wamezipanga kupokea wageni: mgeni analipa, anaingia, anapiga picha. Lakini sisi wanaushirika tunajua mambo ya mizani. Mkulima haachi pamba yake bila kuona imepimwa na kupewa stakabadhi. Kwa hiyo ukilipa, uliza: hela hii inawafikia wenye boma, au inaishia kwa dereva?

Tunawaasa hivi:

1. Salimia, kisha omba. Akikataa, rudisha simu mfukoni.
2. Bei mpatane kabla ya picha, siyo kugombana baadaye.
3. Mtoto asipigwe picha mpaka mzazi akubali. Wala usimpe hela barabarani, maana kesho ataacha shule asubiri magari.
4. Picha ya mwenzako usiirushe kwenye magrupu kwa dhihaka.

Na hapa Kibara iwe vivyo hivyo. Mgeni mwenye kamera apitie kwanza ofisi ya kijiji, aeleze shida yake, apewe mwenyeji wa kumtembeza. Heshima tunayoidai kwa wageni, tuanze kuitoa sisi tunaposafiri.

Ushirika ni nguvu.