Kurekebisha Mwongozo Ni Kazi ya Programa, Wacheni Madharau

Wasee, kuna tabia moja imenichosha. Mtu akiunda kikokotoo cha ishirini ambacho hakuna mtu atatumia, anapigiwa makofi. Mtu akirekebisha ukurasa wa mwongozo rasmi wa lugha ya programu, anaambiwa ati hiyo si kazi, hiyo ni kusahihisha insha. Hayo ni madharau ya mtu anayemtusi mpishi akiwa na chapati mdomoni.

Chukua PHP. Najua mnaicheka, lakini WordPress imejengwa kwa PHP, kwa hivyo duka la viatu la beshte yako mtandaoni pengine linaendeshwa nayo. Ni lugha ya 1995 na imebeba mizigo yake. Kwa in_array, kitu unachotafuta kinakuja kwanza. Kwa strpos, kinakuja pili. Nani anakumbuka hayo yote? Unafungua mwongozo, unakopi mfano, unapesti, maisha yanaendelea.

Sasa fikiria ukurasa ukidanganya. Kabla ya PHP 8, ukiuliza kama 0 == "abc", jibu lilikuwa kweli. PHP 8 ilipotoka Novemba 2020, jibu likageuka: si kweli. Alama ni zile zile, jibu ni tofauti. Ukurasa uliofundisha jibu la zamani hauwezi kujirekebisha. Lazima mtu akae chini, aendeshe mfano kwa matoleo yote mawili, aandike wazi mambo yalibadilika lini.

Ama mysql_query. Ilitangazwa kuwa ya kuachwa kwenye toleo la 5.5 mwaka wa 2013, ikaondolewa kabisa kwenye 7.0 mwaka wa 2015. Ukifungua ukurasa wake leo, unapata onyo: hii imeondolewa, tumia MySQLi ama PDO. Video za zamani za mafunzo bado zinaifundisha kama hakuna kitu kilifanyika, kwa sababu hakuna mtu wa kuzirudia.

Tena ukurasa wa md5 unakuonya usiitumie kuhifadhi nywila, ukuelekeze kwa password_hash. Sentensi moja tu. Lakini siku mtu ataunda mfumo wa chama cha mamako, hiyo sentensi ndiyo itaamua kama nywila yake iko salama ama iko uchi. Niambie tena hiyo ni insha.

Najua mtasema wengine hubadilisha koma ndio wapate fulana. Kweli. Hacktoberfest ya 2020 iliahidi fulana, watu wakamwaga marekebisho ya upuuzi hadi DigitalOcean, waandalizi wenyewe, wakabadilisha sheria mwezi huo huo. Hiyo ilikuwa takataka na siitetei. Lakini takataka ya mtu mvivu haifanyi kazi ya mwenye bidii kuwa takataka. Tofauti ni ushahidi.

Mwingine atasema, "Mimi sai nauliza ChatGPT." Sawa buda. Na hiyo ilifunzwa na nini? Na maandishi ya watu, mapya na yaliyooza, yote kwa sufuria moja. Ikikupa jibu la mwaka wa 2012, utalithibitisha wapi? Kwa mwongozo ule ule unaoudharau.

Kwa hivyo, ukikutana na kosa, usipige skrinshoti ukaenda kutafuta laiki. Chini ya kurasa za mwongozo wa PHP kuna mahali pa kuripoti tatizo ama kutuma marekebisho, na maandishi yenyewe yako GitHub. Endesha mfano. Taja toleo. Eleza mwongozo unasema nini na wewe umeona nini. Tuma. Mkaguzi akikuuliza maswali, jibu, usinune. Hiyo ni dakika thelathini, na itamwokoa mtu hutawahi kumjua.

Na nyinyi mnaoajiri, mkimwona kijana aliyesoma fankisheni, akaijaribu kwa matoleo mawili na kueleza tofauti kwa sentensi tatu ambazo kila mtu anaelewa, msimuulize, "Lakini umeunda nini?" Amewaonyesha kwamba anaweza kusoma, kupima na kueleza. Kikokotoo cha ishirini hakijawaonyesha hata moja.