Programu ya zahanati: uliza hongo ya njiani kabla ya bei ya mzigo

Wiki hii tuache kidogo tumbaku na asali, tuangalie bidhaa isiyopimwa kwa kilo. Ndugu msomaji mwenye fungu lake katika zahanati ya Tabora, Nzega au Urambo, ipo siku atakuja muuzaji na kompyuta yake ya mkononi, akuonyeshe jinsi kumbukumbu za mgonjwa zinavyotoka mapokezi hadi maabara hadi dirisha la dawa bila kushika karatasi. Kisha atakutajia bei, na utaiona ya kawaida. Hapo ndipo pa kuwa macho.

Wafanyabiashara wa zamani wa mji huu waliijua hesabu hii vizuri. Merikani, shanga na waya vilivyotoka Pwani havikufika Kazeh kwa bei ya Zanzibar. Walilipwa wapagazi, likanunuliwa posho, na katika Ugogo kila mtemi alitaka hongo yake, kwa maana ya zamani ya ushuru wa kupita. Mtu aliyepiga hesabu ya mzigo peke yake alifilisika kabla ya kuona miembe ya Unyanyembe.

Tupige basi hesabu ya zahanati yenye meza tano: mapokezi, daktari, maabara, dawa na keshia. Namba hizi ni za mfano tu, msomaji aweke zake. Leseni ya programu, shilingi milioni 6. Kompyuta tano, milioni 6 nyingine. Inveta na betri, maana umeme ukikatika mgonjwa hasubiri, milioni 4. Nyaya na vifaa vya mtandao, milioni 1. Kufundisha wafanyakazi, pamoja na siku ambazo kazi itakwenda polepole, milioni 2. Umefika milioni 19 kabla ya mwaka kuanza. Kila mwaka kuna ada ya matengenezo milioni 1.2, intaneti milioni 1.2, na fundi wa kuitwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6. Hiyo ni milioni 6 kwa mwaka, milioni 30 kwa miaka mitano. Betri nazo zitataka kubadilishwa katikati ya safari, tuseme milioni 2.

Jumla ni milioni 51. Leseni uliyobishania bei kutwa nzima ni chini ya shilingi 12 katika kila 100 utakazotoa.

Msidhani ni tabu ya Tabora pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Health Affairs la Marekani, kuhusu zahanati za kaskazini mwa Texas, ulikadiria kuwa zahanati ya madaktari watano ilitumia kama dola 162,000 hadi mwisho wa mwaka wa kwanza, na katika hizo dola 85,500 zilikuwa za matengenezo. Maandalizi yalikula saa 611 za watu. Tena kule serikali ilikuwa imeahidi, kwa sheria ya 2009, hadi dola 44,000 kwa daktari atakayeingia kwenye mfumo. Huku hakuna wa kukupa senti.

Wapo watakaokwambia chukua ya bure. Ni kweli zipo. OpenMRS, iliyoanza 2004, ina mizizi hapo jirani Kenya, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, ambako kompyuta ilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa mwaka 2001. Programu hizo hazina leseni ya kulipia. Lakini rudi kwenye hesabu yetu: ukifuta milioni 6, zimebaki 45, na fundi anayeijua programu hiyo huenda ukamtoa Dar es Salaam kwa nauli na malazi. Vituo vya serikali vina GoT-HoMIS yao chini ya TAMISEMI. Mtu binafsi anajitegemea.

Kuna gharama moja ambayo muuzaji haitaji kabisa. Zahanati, hata ya binafsi, inadaiwa taarifa za MTUHA. Kama programu haitoi ripoti hizo kwa mpangilio unaotakiwa, muuguzi ataandika kwenye kompyuta kisha aandike tena kwenye kitabu. Umenunua mashine ya kuongeza kazi. Mwambie muuzaji aitoe ripoti ya mwezi mbele yako, siyo kesho.

Je, fedha inarudi? Milioni 51 kwa miezi 60 ni shilingi 850,000 kwa mwezi. Ukiona wagonjwa 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni karibu shilingi 820 kwa kila mmoja. Kama wengi wanalipa taslimu, sioni faida ya haraka. Rejesta safi na keshia mwaminifu vinatosha kwa sasa. Lakini kama unadai bima milioni 8 kwa mwezi na moja ya kumi inakatwa kwa makosa ya kujaza fomu, hapo unapoteza 800,000, na programu nzuri inaweza kuziokoa nyingi katika hizo. Na bima inakuja: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Ila tusijidanganye, mlipaji naye hubadili bei. Machi 2024 hospitali nyingi binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa kupinga kitita kipya. Mapato yanaweza kuyumba wakati ada ya programu haiyumbi.

Sasa Mirambo. Vita vilipozuka mwaka 1871 kati yake na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilifungwa, na Stanley mwenyewe alilazimika kuzunguka kusini. Aliyeshika njia alishika biashara. Muuzaji anayehifadhi kumbukumbu za wagonjwa wako kwenye kompyuta yake anashika njia yako: akipandisha ada, utalipa au uanze upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakubebesha wewe mwenye zahanati wajibu wa taarifa hizo, popote zilipowekwa. Mkataba useme kuwa kumbukumbu ni zako, kwamba utapewa nakala nzima inayosomeka na programu nyingine siku utakayoitaka, na bila malipo. Ada itajwe kwa shilingi. Muuzaji akigoma kwa hilo la nakala, mimi ningemkaribisha chai na kumsindikiza stendi.

Kwa mwenye mtaji mdogo asiye na zahanati, tazama tena hesabu ile. Shilingi milioni 18 za fundi katika miaka mitano ni mara tatu ya leseni. Kijana wa Tabora anayejua nyaya, betri na programu mbili tatu, akiwa na wateja sita kati ya Igunga na Urambo na pikipiki ya kuwafikia, ana biashara ambayo mwenye leseni aliyeko Dar hawezi kumnyang'anya.