TAHADHARI: Chaja ya Gari Si Chaja ya Drili

Fundi wa mitumbwi, fundi seremala, uliye Mwaloni Kirumba, Igombe, Sengerema au Ukerewe: kabla hujaunganisha waya leo, soma hapa kwanza.

Betri ya drili ikichoka, bei ya mpya hukaribia bei ya drili yenyewe. Ndipo mtu hufumua kasha, akapachika seli alizozitoa kwenye laptop mbovu, kisha akazichaji kwa chaja ya betri ya gari au moja kwa moja kwenye paneli ya sola. Usifanye hivyo. Ni moto huo.

Hesabu yake ni fupi. Seli ya kawaida ya lithiamu haitakiwi kuvuka volti 4.2. Drili ya volti 12 huwa na seli tatu, kwa hiyo kikomo ni 12.6. Chaja ya gari hupanda hadi 14.4, yaani kila seli inashindiliwa 4.8. Paneli inayoitwa ya volti 12 ndiyo mbaya zaidi: juani, bila mzigo, hufika 20 na ushee. Seli huvimba, hutoa moshi wa sumu, kisha huripuka. Pengine usiku, mmelala, karakana imejaa maranda na dumu la petroli ya injini liko kando.

Betri ya maji, ile ya taa za dagaa au ya bodaboda, inaweza kuendesha drili ya volti 12 tu, kwa nyaya nene na fyuzi iliyo karibu kabisa na ncha ya chanya. Usiunganishe mbili upate 24 kwa drili ya 18, utaiunguza. Wala drili ya betri usiipachike kwenye umeme wa nyumbani: volti 230 zinaua.

Njia salama ipo. Mpe fundi mwenye mashine ya kuunganishia seli aweke mpya za aina moja, asiondoe sakiti ya ulinzi, nawe uchaji kwa chaja yake halisi. Au tumia drili ya waya kwa inveta inayoimudu. Matundu machache, keke ya mkono inatosha.

Betri iliyovimba usiichaji tena; itoe nje, mbali na mbao. Ikiwaka, toa watu kwanza, usivute moshi, piga 114, zimamoto. Kama moto bado mdogo, mwagia maji mengi ukiwa mbali.

Jioni hii, kabla hujafunga karakana, angalia umeacha nini kwenye chaja. Kichomoe.