Teke la Bunduki Halimwangushi Nyati

Iguguno iko kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, ndani ya Wilaya ya Mkalama, na pale malori yanaposimama habari nazo husimama. Za porini hazikosi. Tembo wameingia mashamba ya Itigi, mgeni kaangusha nyati Rungwa, fulani kapata kibali cha kuwinda. Mazungumzo yakifika kwenye bunduki, hukumu huwa moja: bunduki ya maana ni yenye risasi kubwa. Ikilia, mnyama analala. Asipolala, basi risasi ilikuwa ndogo.

Imani hiyo haikuzaliwa Iguguno. Wauzaji wa bunduki wa London na Marekani wameishi juu yake kwa zaidi ya miaka mia, na wawindaji wenye pesa huja nayo hadi Arusha ndani ya masanduku ya ngozi. Ni imani potofu, na madhara yake hayaishii kwenye mfuko wa mnunuzi. Yanamfikia mnyama anayeondoka na risasi tumboni, na yule anayetumwa kumfuata.

Tuanze na hesabu. Risasi ya .375 Holland & Holland Magnum ilitoka London mwaka 1912, na hadi leo inaheshimika kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania. Kichwa chake kina uzito wa gramu 19 na ushei, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde. Kikiingia mwilini mwa nyati dume wa kilo 700 na kubaki humo, msukumo wake wote unaweza kumsogeza kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde. Kobe hutembea haraka kuliko hapo. Ukichukua .460 Weatherby Magnum, mojawapo ya risasi zenye nguvu kupita zote zilizowahi kuuzwa madukani, mwendo huo haufiki sentimita 4 kwa sekunde. Isitoshe, msukumo unaompata nyati hauwezi kuzidi ule uliompata mpigaji begani, na mpigaji bado amesimama. Hakuna risasi ya bega inayomwangusha nyati kwa kishindo. Huanguka kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umevunjwa, ama kwa sababu moyo na mapafu vimetobolewa na damu imemwishia.

Watu wa Iguguno hawana haja ya kwenda mbali kuliona hilo. Munguli, ndani ya Mkalama hiyo hiyo, wanaishi Wahadzabe. Mshale wao wa wanyama wakubwa una ncha ya chuma iliyopakwa sumu, na mojawapo ya sumu hizo hutokana na Adenium, ule mmea wa shina nene na maua ya rangi ya waridi unaoota kwenye miamba na nchi kavu. Mshale huo hauna ngurumo, na kwa nguvu yake peke yake hauwezi kumtupa chini hata swala. Lakini pundamilia hufa kwao, na twiga pia. Mwindaji akishamchoma mnyama hamkimbilii. Humpa muda, kisha hufuata nyayo na matone ya damu hadi alipoangukia. Atakayesema kwamba kinachoua hapo ni sumu atakuwa amesema kweli, na ameshakubali hoja: kinachoua ni kile kinachofika ndani, mahali panapostahili.

Shahidi mkubwa zaidi alipita Uganda. Walter Bell, Mskochi aliyejulikana kama "Karamojo" Bell kwa sababu ya miaka yake Karamoja, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita. Mauaji hayo ya kutafuta pembe hayana cha kusifiwa leo. Lakini kwa suala hili ushahidi wake hauna mfano, kwa sababu wengi wa tembo hao aliwaua kwa risasi ya .275, yaani Mauser ya milimita 7, yenye kichwa cha gramu 11 tu. Nguvu yake haifiki hata nusu ya ile ya .375. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, akajifunza kuufikia kutoka kila upande, na akachagua vichwa vigumu visivyopanuka ambavyo vingepita kwenye mfupa bila kupinda. Bunduki yake ilikuwa nyepesi na haikumuumiza, kwa hiyo aliweza kuipiga mara nyingi bila kuiogopa.

Hii haina maana kwamba kila mtu achukue Mauser ya milimita 7 akakabiliane na nyati. Bell alikuwa na mkono wa ajabu, na aliwinda kwenye nyika iliyo wazi, tembo wakiwa wengi. Kanuni za Tanzania zinazotaka bunduki isiyopungua .375 kwa nyati na tembo zina busara, kwa kuwa mwindaji wa kawaida si Bell na kichaka cha Rungwa si nyika. Tatizo ni wale wanaoisoma .375 kama hatua ya kwanza ya ngazi, wakidhani kila wanapopanda juu mnyama anakufa zaidi.

Ngazi hiyo Selous aliipanda akaijutia. Jina la Frederick Courteney Selous linajulikana nchini kwa sababu ya pori lililoitwa kwa jina lake, ambalo sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Aliuawa kwa risasi Beho Beho, Januari 1917, akipigana na Wajerumani, akazikwa hapo hapo. Ujanani, miaka ya 1870, aliwinda tembo kusini mwa Afrika kwa magobole mazito yaliyorusha donge la robo ratili, gramu 113. Siku moja gobole lilikataa kulipuka. Mbeba bunduki wake akalijaza upya bila kutoa baruti ya kwanza, na lilipolipuka lilimnyanyua Selous na kumbwaga kifudifudi mchangani. Baadaye aliandika kwamba mateke ya bunduki zile yaliharibu utulivu wake wa kulenga na kwamba anajuta kuwahi kuzitumia.

Hapo ndipo penye ubaya wa magnamu kubwa mikononi mwa mtu wa kawaida. Teke la .460 Weatherby linazidi mara mbili lile la .375, na .375 yenyewe si mchezo. Bega likishaonja, jicho hufumba kabla ya kidole kuvuta, mtutu huzama, na risasi iliyolengwa kwenye bega la nyati huingia tumboni.

Kwa wanyama wasio hatari, kama kongoni, swala pala au tandala, hoja ya ukubwa ni dhaifu zaidi. .30-06 ya Marekani ni ya mwaka 1906; .300 Winchester Magnum ilikuja mwaka 1963. Zikirusha kichwa kile kile cha karibu gramu 12, magnamu inaizidi ya kawaida kwa takriban mita 80 kwa sekunde, na kwa hilo inachoma karibu robo zaidi ya baruti. Zote mbili zikipimwa ziguse alama kwenye yadi 200, kwenye yadi 300 tofauti ya kushuka ni kama sentimita 4. Kwenye miyombo ya Rungwa na Muhesi, ambako mara nyingi macho hayapenyi hata mita 100, tofauti hiyo haipo. Ernest Hemingway alipowinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, bunduki aliyoitegemea zaidi ilikuwa .30-06.

Kasi nayo ina balaa lake. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga moose, mnyama wa Kanada mwenye ukubwa unaokaribia wa pofu, kwa .300 Holland & Holland Magnum. Vichwa vya risasi vilisambaratika kwenye ngozi iliyoganda matope na misuli ya bega, vikashindwa kufika ndani. Nosler hakununua bunduki kubwa zaidi. Alitengeneza kichwa chenye ukuta katikati, ili sehemu ya mbele ipanuke na ya nyuma ibaki nzima iendelee kupenya. Kwa wanaojaza risasi zao wenyewe hilo ndilo lilikuwa somo la karne: chagua kichwa kwanza, baruti baadaye.

Wengi hufanya kinyume, na hata viwanda vimewahi kufanya hivyo. Winchester ilitoa .458 Magnum mwaka 1956 ikiwa na ganda fupi lililoshindiliwa baruti hadi ikabanana. Baruti ya baadhi ya risasi hizo iligandamana humo ndani, ikaungua vibaya, na malalamiko yakatoka Afrika kwa watu waliokuwa mbele ya nyati. Rigby wa London alikwenda njia nyingine mwaka 1911. Ganda lake la .416 lilikuwa kubwa ili kupunguza shinikizo, kwa sababu jua la nchi za joto huongeza shinikizo la baruti, na ganda linaweza kunasa kwenye chemba wakati mwindaji anahitaji risasi ya pili.

Katika vijiji vya Singida na Tabora, kujaza kunakojulikana ni kule kwa gobole: baruti, kitambaa, gololi au kipande cha nondo. Imani ni ile ile, kwamba ukizidisha baruti umezidisha nyama. Mtutu uliotengenezwa kwa bomba haukuumbwa kubeba nyongeza hiyo, na ukipasuka unapasukia usoni na mikononi mwa aliyeushika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha na risasi bila leseni. Hata bila sheria, vidole ni sababu tosha.

Nyati aliyetobolewa tumbo haendi kufia mbali kwa heshima. Hujificha kichakani na kusubiri, na wanaomfuata ni mfuata nyayo na askari wa wanyamapori, wakati aliyempiga anatembea nyuma yao. Asipopatikana siku hiyo, kesho yake anayekutana naye anaweza kuwa mrina asali au mama anayeokota kuni. Wao hawakuulizwa kuhusu ukubwa wa risasi.

Kwa hiyo, kabla ya kibali kutumika, mwenye bunduki na apige risasi tatu kwenye karatasi yenye upana wa sahani, umbali wa mita 50, amesimama, kwa bunduki ile ile atakayoingia nayo porini. Akizitia zote tatu, aende. Akishindwa kwa magnamu yake, apewe bunduki nyepesi awinde swala, na nyati amwachie msimu mwingine.