Opareta na karatasi zake mbili

Mwendesha mtambo wa ujenzi Tanzania hupimwa kwa karatasi mbili: leseni ya udereva ya daraja husika, na cheti cha kuujua mtambo wenyewe. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) baada ya mwombaji kufaulu mtihani wa trafiki. Daraja F ni la mitambo ya ujenzi kama greda na katapila. Daraja G ni la mitambo ya mashambani na migodini. Daraja E, la magari makubwa, haliruhusu kupanda greda, hata kama mwenye nalo ameendesha tipa miaka ishirini.

Wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, herufi hizo zinagongana. Kijiko kilichochimba mtaro kwenye barabara ya Nanganga–Ruangwa kikihamia machimbo ya kinywe Matambarale, chuma ni kilekile na opareta ni yuleyule, lakini daraja limehama kutoka F kwenda G. Wakati huohuo F moja inabeba greda na katapila, kazi mbili zinazotofautiana kama useremala na uashi. Kusawazisha tabaka la kokoto kwa kisu cha greda hakufundishwi na herufi.

Ndiyo maana cheti kina uzito. Chuo cha zamani cha Ujenzi Morogoro, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Teknolojia ya Ujenzi (ICoT), ni miongoni mwa vinavyofundisha mitambo. Kwa kijana wa Nachingwea, wilaya jirani na Ruangwa, Morogoro ni mbali, kwa nauli na kwa ada. Wengi huanza kama tingo: huosha mtambo, hupaka grisi, hupima oili, kisha siku moja opareta akienda kula huwaachia usukani. Wengine huiva kweli. Ila Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi amefundishwa, na kuachiwa usukani saa ya chakula si mafunzo.

Nachingwea iliwahi kuona gharama ya mitambo bila mafunzo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuenea Urambo na Nachingwea, ulitumia hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mitambo ilitangulia, wajuzi wakachelewa. Ardhi ngumu, uhaba wa vipuri na mikono isiyozoea viliyaua matrekta mengi mapema, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Kwa aliyejifunzia kazini, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina urasimishaji wa ujuzi: mtu hupimwa kwa anachokiweza, pengo likionekana hufundishwa, kisha hupewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Njia hiyo ndiyo inayowafaa maopareta wa Nachingwea na Ruangwa. Watathmini wawafuate kwenye kambi za barabara na machimboni, mtambo ukiwa unaunguruma, na makandarasi wawape ruhusa ya siku hiyo bila kuwakata posho.