Mashabiki Hawakuhama

Kila timu inapong'olewa mahali pake, kuna sentensi moja hutangulia lori la mizigo: mashabiki hawakuwa wanakuja uwanjani. Nimeisoma kuhusu Oakland hadi nimechoka, na hapa Nairobi wanaoirudia ni watu ambao hata hawafuati besiboli. Biashara ni biashara, buda, tulia. Sitatulia.

Tuanze na hiyo kofia yako ya kijani yenye herufi A, uliyookota Gikomba kwa soo mbili. Ni ya Athletics, timu iliyokaa Oakland, California, kuanzia 1968, mwaka uleule Gor Mahia ilipozaliwa, hadi 2024. Yenyewe ilifika kama mhamiaji. Ilianzia Philadelphia 1901, ikapitia Kansas City, ndipo tajiri wake Charlie Finley akaileta kwenye mji wa makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli, mji uliozaa Black Panther miaka miwili kabla. San Francisco iko ng'ambo ya ghuba na urembo wake wote. Oakland ilipata timu, na timu ikaleta ubingwa 1972, 1973 na 1974, mfululizo. Halafu tena 1989.

Rickey Henderson alikulia hapo hapo na kusoma Oakland Tech. Kuiba besi ni kukimbilia kituo kinachofuata kabla wapinzani hawajakuwahi; yeye aliiba 1,406 na anayemfuata ana 938. Dave Stewart, mrushaji aliyetajwa mchezaji bora wa fainali za 1989, naye ni mtoto wa Oakland. Fainali hizo zilikatizwa na tetemeko la Oktoba 17. Barabara ya ghorofa mbili iliporomoka West Oakland, watu 42 wakafa, na majirani wa mtaa huo maskini wakapanda juu ya vifusi kuwatoa madereva wasiowajua. Huo ndio mji unaoambiwa haukuipenda timu yake vya kutosha.

Sasa hesabu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hii haihitaji digrii. Mwaka 1990 waliingia uwanjani watu milioni 2.9. Timu ilikuwa ya familia ya Haas, wenye jinzi za Levi's, na haikuogopa kulipa mishahara mikubwa. Mwaka 2022 waliingia 787,902. Mji ni uleule. Aliyebadilika ni mwenye mali: John Fisher, mtoto wa waanzilishi wa Gap (duka lililoanza kwa kuuza hizo hizo Levi's, imagine). Yeye na mwenzake waliinunua timu 2005 kwa dola milioni 180 hivi. Machi 2022 Matt Olson na Matt Chapman, nyota wawili, waliondolewa ndani ya siku chache. Tiketi za msimu zikapanda bei. Mishahara ya wachezaji ikashuka hadi mkiani mwa ligi, na 2023 timu ikapoteza mechi 112. Mwenye ploti wako anaujua mchezo huu: anakata maji, anaacha paa livuje, anaongeza kodi, ukihama anawaambia watu kwamba wapangaji wa siku hizi hawakai.

Mtasema uwanja ulikuwa mbovu. Kweli, majitaka yaliwahi kufurika hadi vyumba vya wachezaji. Lakini mji na kaunti walikuwa tayari wamekopa pesa kuwajengea Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani, jukwaa refu lililoziba vilima. Raiders walihamia Las Vegas 2020 na deni wakawaachia walipa kodi. Hata baada ya kuumwa hivyo, Oakland ilikuwa bado mezani ikijadili uwanja mpya bandarini, Aprili 2023, timu ilipotangaza kwamba imepata ardhi Las Vegas.

Juni 13 mwaka huo, mashabiki waliamua kuujaribu huo uongo. Walikuja 27,759 siku ya Jumanne, kuitazama timu mbovu kuliko zote, wamevaa fulana zenye neno moja: uza. Timu ikashinda. Jioni hiyo hiyo Seneti ya Nevada ilipitisha mswada wa kumpa Fisher hadi dola milioni 380 za umma. Bosi wa ligi, Rob Manfred, akakejeli kwamba ni vizuri kuona umati wa karibu wastani, kwa usiku mmoja. Novemba wenye timu wakapiga kura: 30 kwa 0. Mahakama Kuu ya Marekani iliitoa besiboli nje ya sheria za kuzuia ukiritimba mwaka 1922, kwa hivyo mji ulioporwa hauwezi tu kuanzisha timu nyingine na kuingia ligi kuu. Mlango una funguo 30, zote mifukoni mwao.

Mechi ya mwisho, Septemba 26, 2024, ilijaza watu 46,889. Sasa Athletics inachezea kiwanja kidogo cha West Sacramento ikingoja Las Vegas, na imekataa kubeba jina la mji wowote.

Kule West Oakland, mtaa ule ule wa barabara iliyoporomoka, kuna timu mpya ya ligi ndogo inaitwa Ballers. Inacheza Raimondi Park, na zaidi ya mashabiki 2,000 wamenunua hisa zake. Mwaka 2025, msimu wake wa pili tu, ilichukua ubingwa. Kofia zake zina herufi B. Bado sijaziona Gikomba.